Dalili Iliyoandikwa Kwenye Fomu

Shoga, acha unachofanya usome hapa. Nimeaibika leo mpaka masikio yanawaka!

Si nilikwambia wale watafiti walimtoa binti yangu damu shuleni? Leo tumeitwa kuchukua majibu. Nesi anasema mtoto ana kingamwili tele za corona. Yaani aliugua, akapona, na sisi tumekaa tu!

Nikabisha. Nikamwambia huyu hakupiga hata chafya. Nesi akasema watoto wengi huwa hivyo, kinga yao inapambana kimyakimya. "Hukuona mabadiliko yoyote, mama?"

Na mimi na mdomo wangu! Nikajigamba: "Alikuwa mzima kabisa. Kuna wiki mbili alikuwa anamaliza mboga zangu zote bila kununa."

Wiki zile zile, shoga! Zile nilizokuwa nakutumia picha za sahani tupu!

Binti akaniangalia kwa huruma. "Mama, nilikuwa sisikii ladha."

SISIKII LADHA! Mbele ya nesi!

Nikamuuliza mbona hukusema. Eti: "Ulikuwa umefurahi sana."

Nesi akainamia fomu, mabega yanamtetemeka. Pale penye dalili akaandika, nimeona kwa macho yangu: "Alikula mboga za mama."

Nimefika nyumbani nimevimba, nikamsimulia mume wangu yote nikijua atanitetea. Akawaza kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa:

"Basi mimi sijawahi kuugua."