NAMBA ZA NYUMBA 1 HADI 14

Kumbukumbu za kikao cha kumi na moja cha Kamati ya Mtaa, kilichofanyika Jumamosi tarehe 14 Juni katika chumba cha nyuma cha mashine ya barafu. Kilitangazwa kuanza saa 8:00 mchana, kikaanza saa 9:10.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, mwenye mashine ya barafu, Na. 16
2. Mhazini, mwenye duka, Na. 23
3. Fundi Rangi, Na. 40
4. Fundi Cherehani, shangazi yake Mwenyekiti, Na. 15
5. Katibu, mfyatua matofali, Na. 9

ASIYEHUDHURIA
Mkunga, kwa udhuru. Alikuwa anazalisha Na. 52.

KUMB. NA. 1/11: KUFUNGUA KIKAO
Mhazini aliuliza kwa nini Katibu bado anajiandika Na. 9 wakati nyumba hiyo iko baharini mwaka wa tatu sasa. Katibu alijibu kwamba hajapewa nyingine. Mwenyekiti aliomba waendelee.

KUMB. NA. 2/11: HALI YA MTAA NA IDADI YA WATU
Katibu alisoma hesabu aliyoifanya mwenyewe, kwa miguu, kwa siku nne. Mtaa ni barabara moja inayopanda kutoka ufukweni hadi nyuma ya shule. Kushoto ni matope ya chumvi, kulia ni mkono wa bahari, kwa hiyo hakuna pa kupanuka isipokuwa kwenye mwinuko. Nyumba zilipewa namba kuanzia majini, witiri kushoto, shufwa kulia, na ya mwisho ni Na. 96. Kumi na nne za kwanza zimechukuliwa na maji katika miaka kumi na mmoja. Zimebaki 82, zenye watu 431. Zile kumi na nne zilikuwa na watu 71. Kati yao 23 wamehama kabisa. 48, yaani kaya tisa, wamo humuhumu, wamejibanza kwa ndugu na majirani.

Mhazini alisema hesabu ni nzuri, ila ni ndefu.

KUMB. NA. 3/11: BARUA YA OFISI YA ARDHI
Mwenyekiti alieleza kwamba mwaka jana karani wa ofisi hiyo alisoma namba ya mlango wa mwisho, akaandika nyumba 96. Mkaguzi alipokuja akahesabu 82, na mtaa mzima ukaonekana wa waongo. Sasa inatakiwa orodha mpya kabla ya tarehe 30, yenye namba zinazofuatana. Alipendekeza Na. 15 iwe Na. 1, Na. 16 iwe Na. 2, na kuendelea hadi 82.

Fundi Rangi aliunga mkono, akasema rangi imeshanunuliwa. Ilibainika kwamba alishaandika "1" kwenye mlango wa Fundi Cherehani wakati mama huyo yuko msibani, naye aliporudi akaikwangua kwa kisu cha samaki. Fundi Rangi alieleza kwamba alikuwa anajaribu brashi tu.

Fundi Cherehani alisema hana ugomvi na rangi. "Mwanangu, kila aliyekuwa wa kwanza kutoka majini alihama. Niacheni niwe wa kumi na tano."

"Shangazi, maji hayasomi namba."

"Hayasomi. Ofisi inasoma."

Katibu alifafanua kwamba ombi la viwanja 14 kwenye mwinuko liko ofisini mwaka wa pili, na limeandikwa kwa namba za nyumba zilizozama. Namba hizo zikipewa nyumba nyingine, ofisi itafungua daftari, itakuta Na. 9 ina mlango, paa na mwenyewe ndani, na itafunga faili. Kaya tisa zitabaki kwenye stoo za watu maisha yao yote.

Mhazini alisema Katibu ajisemee mwenyewe. Alikumbusha kwamba stoo anayolala Katibu ni ya duka lake, na kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliongeza kuwa kwa mpango mpya duka lake ndilo litakuwa Na. 9: "Utakuwa umerudi kwako bila kubeba hata mkeka." Wajumbe wawili walicheka. Katibu anawajua.

Katibu alijibu kwamba jembe alishalishika: ukuta wa nyuma wa stoo hiyo ni matofali yake 610. Na. 9 ilikuwa matofali 3,200, yote aliyafyatua kwa mikono yake, na hakuna mjumbe aliyembebea hata moja.

KUMB. NA. 4/11: KURA
Kabla ya kura Katibu aliomba kusoma vipimo vya mwaka. Maji ya bamvua, yanapojaa kupita siku zote, yalifika mita 22 kutoka mlango wa Na. 15 na mita 27 kutoka Na. 16. Yanasogea mita nne kila mwaka. Mwenyekiti aliuliza maana yake ni nini. Katibu alisema ni miaka mitano na nusu kwa shangazi yake, na miaka sita na miezi tisa kwake yeye. Mwenyekiti aliuliza kama mkanda wa kupimia ni mzima. Alijibiwa kwamba mkanda ni wake mwenyewe Mwenyekiti.

Waliotaka namba mpya: Mhazini na Fundi Rangi. Waliokataa: Fundi Cherehani na Katibu. Ikabaki kura ya Mwenyekiti. Mwenyekiti aliomba maji ya kunywa.

Saa 11:05 Mkunga aliingia na fomu ya kizazi. Mtoto ni wa kike, yeye na mama yake ni wazima. Fomu inataka namba ya nyumba ya wazazi. Wazazi ni wa Na. 4, wanakaa Na. 52 kwa kaka wa mama. Mhazini alisema aandike 52, yaishe. Mkunga alisema mama mtoto amekataa, na hana nguvu za kubishana na mzazi.

Mwenyekiti aliyamaliza maji yake ya kunywa. Kisha alisema: "Andika nne."

Katibu aliuliza kama hiyo ndiyo kura yake. Mwenyekiti alisema Katibu aandike alichosikia.

ILIAMULIWA namba zibaki zilivyo. Orodha ianze na Na. 1 hadi 14, kila moja ikiandikwa "imechukuliwa na maji" pamoja na majina ya waliokuwamo. Fundi Rangi ataandika upya "15" kwenye mlango alioujaribia brashi, kwa rangi ileile.

KUMB. NA. 5/11: MENGINEYO
Idadi ya watu ilirekebishwa kuwa 432, na waliojibanza kuwa 49. Mhazini aliomba neno "waliojibanza" lifutwe. Halikufutwa.

Wajumbe walitawanyika saa 11:35 jioni.

..............................
Mwenyekiti, Na. 16

..............................
Katibu, Na. 9