Aliyegeukia Getini

Jumapili, Makole. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Leo sina hamu ya kubishana na mtu. Wanaonijua watadhani naumwa.

Mnakumbuka niliandika hapa mtandaoni kuhusu ndugu wanaotusahau. Sikutaja jina, lakini nilikuwa namsema Yudith, mdogo wangu anayelima kijijini Mlali. Tangu mke wangu afariki, Yudith ndiye mtu pekee anayekuja kwangu bila kuitwa. Kila baada ya mavuno huniletea mlenda mkavu na karanga. Mwaka huu mavuno yamepita, yeye kimya. Kisha nikasikia alifika mjini, akarudi zake.

Nikaandika: kiburi. Amepata magunia ya karanga, sasa hatuoni sisi kuwa watu. Mkanipongeza sana, nami nikajiona nimesema kweli.

Kumpigia simu? Mimi? Aliyekosa si yeye?

Leo mchana Mama Amani, jirani yangu, ametoka kanisani akanisalimia kupitia juu ya ukuta. Akauliza kama wale wageni wangu wakali walishaondoka.

"Wageni gani?"

"Si wale mliokuwa mnafokeana nao siku ile dada yako alipokuja! Maskini, alisimama getini na mzigo wake, akasikiliza, akageuka. Mlenda akaniachia mimi. Mtamu huo, baba!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Ungenifokea na mimi."

Hapakuwa na wageni.

Kabla sijachapisha makala yoyote, huisoma kwa sauti, sebuleni, nikitembea. Namshambulia mpinzani wangu, kisha nabadilisha sauti, najijibu kwa niaba yake, kisha namshambulia tena. Ndivyo ninavyonoa hoja. Aliyesimama nje angeapa kwamba ndani kuna watu wawili wanaotaka kushikana mashati.

Na mama yetu alitulea hivi: ukisikia ugomvi ndani ya nyumba ya watu, usibishe hodi. Rudi kimya, usije ukawaaibisha wenyewe. Yudith alinistahi. Mimi nikamwita mwenye kiburi mbele ya wasomaji.

Nimesoma vitabu vya kujaza ukuta mzima kuhusu kwa nini watu hutenda wanavyotenda. Bado nina mizani mbili. Mimi nisipokwenda kwa mtu, ni kazi, ni barabara, ni mgongo. Mtu asipokuja kwangu, ni roho yake mbaya. Mambo yangu yana sababu. Ya wenzangu yana tabia. Hata Mama Amani ana maelezo yake juu yangu, na siwezi kusema kakosea.

Jioni nimempigia Yudith. Kuku walikuwa wanalia nyuma yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ulifika getini kwangu ukageuka?"

"Nilisikia mnagombana. Nikasema niwaache." Akacheka kidogo. "Halafu njiani nikafurahi, kaka. Nikasema afadhali, siku hizi ana mtu wa kugombana naye. Ni nani?"

"Nilikuwa peke yangu, Yudith."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sijala hadi sasa. Lile andiko nimelifuta. Aliyelipenda na anilaumu. Upepo umetulia na nyumba iko kimya kiasi kwamba nasikia friji ikiunguruma. Leo sitasoma haya kwa sauti.

Jumamosi nakwenda Mlali. Tangu tumzike mke wangu sijafika kwa Yudith hata mara moja, na sababu zangu nazijua zote kwa moyo. Ila leo ndipo nimejiuliza: watoto wake wanapomuuliza kwa nini mjomba haji, yeye huwajibu nini?