Sanduku Lako, Ndiritu, Nimelifungua

Ndiritu,

Kaa chini, kama huko kuna viti. Nimelifungua sanduku lako.

Najua. Ulinikataza ukiwa kitandani, ukinishika mkono kwa nguvu ambazo daktari alisema huna tena. "Mikono yako ni ya redio za watu," ukasema. "Hili usiliguse." Nikakuahidi. Hata nikacheka kidogo, maana ulikuwa umenitukana na kuniaga kwa pumzi moja, na ni wewe tu uliyeweza kufanya hivyo nami nikashukuru.

Wacha nikueleze kwanza, kisha ukasirike.

Huku mambo si mabaya. Kahawa yako kule Tetu imechumwa. Mkeo, Mama Wangui, aliichuma pamoja na dada zake. Mimi bado niko Majengo, kibanda kilekile cha kutengeneza redio, na Bakari fundi cherehani bado anagonga ukuta nikiongeza sauti. Nimenenepa. Mke wangu anawaambia watu ni huzuni. Mimi nashuku mandazi.

Kisha amplifaya ya kanisa ikaungua. Ile kubwa ya valvu, yenye vioo vinavyowaka kama taa, uliyoizoea. Ilitoa moshi katikati ya sala, na mchungaji akaendelea tu, nadhani alifikiri ni ukungu umeingia. Wazee wa kanisa wakaniita kuniuliza wanunue nini. Unajua ninavyokuwa nikiulizwa mbele za watu. Nikakohoa, nikasema zama za valvu zimepita, nunueni ya transista, ni ndogo, haichemki. Wakanunua. Nikaibeba mwenyewe kutoka stendi kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa.

Jumapili ikafika. Nikaweka sanduku lako, lile ulilolijenga mwenyewe la kuipa nguvu sauti ya maiki, mahali pake kati ya maiki na ile amplifaya mpya, nikachomeka waya. Kwaya ikasimama kuimba.

Ndiritu, ile sauti. Soprano walitoka kama kuku waliofungiwa ndani ya debe. Besi hawakutoka kabisa. Niliwaona wanafungua midomo, basi. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho, sanduku likaanza kukwaruza. Nikabadilisha valvu zake, zile zinazochomekwa kwa nje. Halafu nikalipiga kofi, vile ninavyopiga redio za wateja. Hapo ungenifukuza kanisani.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa akalitazama kwa huruma, akasema, "Kitu cha marehemu kimekwisha pamoja naye." Wengine wakaitikia polepole. Wakakubaliana litafutwe lingine, hili lirudishwe nyumbani kwa heshima. Mimi nilikuwa nakunja waya. Nilikunja waya ule vizuri sana siku hiyo. Sikusema neno, kwa sababu sikuwa bado nimejua kosa liko wapi, na pia kwa sababu nilianza kuishuku ile amplifaya niliyoichagua mimi.

Mama Wangui alikuwa amekaa kwenye benchi la akina mama. Alisikia yote.

Kesho yake akaja Majengo na sanduku ndani ya kiondo. Akakaa kwenye stuli ya wateja, akakataa chai. Unamjua akikataa chai.

"Niambie ukweli, Baba Muthoni," akasema. "Miaka yote hiyo mlikuwa mnamsifu kwa heshima tu?"

Nilimwona akilini akipalilia mistari ile ya kahawa peke yake, wewe uko ndani unachoma vidole kwa lehemu, ukichomoa valvu moja moja kutoka kwa ile redio ya mzungu aliyeuza shamba akarudi kwao. Alikuvumilia akijiambia angalau ni kitu. Sasa alitaka kujua kama kilikuwa kitu kweli, au kama sisi sote tulikuwa tukimpigia makofi mtu mzima anayecheza na mabati.

Nikafanya lile ambalo ningefanya kanisani kama ningekuwa na akili. Nikaondoa mawazo yangu kwenye transista, nikachomeka sanduku lako kwenye redio yangu kuukuu ya valvu, pale nyuma panapochomekwa gramafoni. Nikampa maiki.

"Nisemeje?" akauliza.

Hakuhitaji zaidi. Sauti yake ikatoka nzito, nzima, na ile hewa kidogo inayokuwa kifuani mwa mtu kabla ya neno. Bakari akagonga ukuta, akauliza ni mgeni gani huyo. Mama Wangui akaweka maiki mapajani, akalitazama sanduku.

Nikamweleza kwa mfano wa ng'ombe, kwa sababu mhandisi si mimi. Nikamwambia sanduku la mumewe ni ng'ombe mzuri mwenye chuchu nyembamba. Amplifaya ya zamani ilikuwa ndama mpole, inalamba tu. Hii ya transista ni ndama mwenye pupa, inavuta kuliko chuchu zinavyoweza kutoa. Basi maziwa yanapungua, na yanayokosekana kwanza ni yale mazito, yaani besi. Ukizidi kumkamua kwa nguvu, anapiga teke. Ndiko kule kukwaruza.

"Kwa hivyo kosa si la ng'ombe," akasema.

Nikasema si la ng'ombe.

"Na ndama alichaguliwa na nani?"

Nikaangalia viatu vyangu. Vinahitaji soli.

Dawa niliijua. Valvu moja zaidi mwishoni, ambayo haiongezi sauti hata kidogo, kazi yake ni kubeba ule mzigo; na kapasita, kile kikopo kinachopitisha sauti ikitoka, kubwa kuliko ile yako. Nilijaribu kupanga niijenge nje, katika sanduku lake lenyewe, ili nisivunje ahadi. Lakini valvu inataka umeme mkali ulioko ndani ya lako, na kuutoa nje kwa waya kanisani ni kuwaombea soprano kifo. Nikamwomba Mama Wangui ruhusa ya kufungua.

"Kwani ni mimi uliniahidi?" akasema, akajifunga leso, akaenda zake.

Nilikaa na bisibisi mkononi mpaka chai ikapoa. Halafu nikafungua.

Ndiritu, ni pazuri mle ndani. Hukuniambia. Waya zako zimelala sambamba kama mistari ya chai, kila kiungo kinang'aa, na lile bati la debe umelikunja pembe bila ufa. Niliona aibu kuweka mikono yangu humo. Valvu niliipata Karatina, kwa mzee anayeuza redio zilizokufa kando ya soko. Nimetumia waya nyekundu kila mahali nilipogusa, ili atakayefungua baadaye ajue pa kunilaumu, na asikulaumu wewe. Lehemu zangu ziko kama kinyesi cha mbuzi. Utazitambua.

Jumapili besi walirudi. Walirudi wote, hata yule rafiki yako anayechelewa kila mstari wa pili.

Na sasa nifike pale panaponinyima usingizi. Walinipongeza. Mchungaji alinishika mkono, wazee wakasema fundi amelitengeneza sanduku bovu la Ndiritu. Bovu. Nikatabasamu. Nikasema, "Ni kazi ya Mungu," kama mtu mnyenyekevu. Mama Wangui alikuwa amesimama karibu, akangoja watu watawanyike.

"Mwambie yeye kwanza," akasema. "Halafu uwaambie wao."

Basi nimekuambia. Nilivunja ahadi, na nikanyamaza mara mbili, na mara ya pili nilikuwa najua kila kitu. Unisamehe ahadi na mara ile ya kwanza. Ya pili naishughulikia mwenyewe.

Jumapili hii, wakati wa matangazo, nitasimama. Nitasema sanduku lako halikuwahi kuwa bovu hata siku moja, na kwamba aliyekosea kuchagua amplifaya ni mimi. Nitaongea kwenye maiki, sauti ipite kwako kabla ya kuwafikia.

Pumzika, ndugu yangu. Sitaligusa tena.

Wako,
Baba Muthoni