Dima na Majani ya Umande

Kwa binti yangu Hawo, Garsen.

Salaam aleikum mwanangu. Mimi ni mzima, mgongo tu unanung'unika, na baridi ya huku juu ingewashinda wanaume wote wa Garsen isipokuwa mimi. Wewe hujambo? Mumeo je? Mto umeshuka, au bado umelala kwenye mashamba ya Wapokomo? Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usicheke herufi, zinapanda na kushuka lakini zinafika. Mwenye duka akikusomea mwambie asipaze sauti, maana kuna neno la Dima.

Kwanza nikueleze majani ya huku. Yanatambaa chini, hayafiki kifundo cha mguu. Kila kikonyo kina vijani vitatu vyenye alama nyeupe, na ua lake jeupe limeviringana kama kifungo. Wazungu wanayaita klova. Hakuna aliyeyapanda. Ng'ombe akiyala, maziwa yanajaa ndoo mpaka povu linamwagika. Nyuki wanayapenda. Watu huyakausha kuweka akiba ya kiangazi, na shamba lililochoka likifunikwa nayo linapata nguvu tena. Siku ya kwanza nilikaa chini nikayashika tu. Nikakumbuka kiangazi kile kilichomaliza zizi letu, akabaki Dima peke yake, wa mwisho katika uzao wa ng'ombe niliyekupa kitovu chako kilipoanguka.

Uliniambia pale kivukoni, "Baba, muache. Kama ni kufa, afe kwetu." Nikakujibu mbele ya watu kwamba nitamfikisha kwenye majani yasiyokwisha, na nitarudi nikitembea nyuma ya ndama zake. Nikamtia katika kundi la yule tajiri niliyemswagia ng'ombe, tukashuka pwani, tukapanda gari la moshi. Nilimfikisha au sikumfikisha? Mzungu mwenye shamba alimzunguka akasema huyu ni ng'ombe kweli. Akanipa kazi, na Dima akapata mahali. Akashika mimba, Hawo.

Sasa sikia. Nachunga pamoja na Mkipsigisi mmoja, Kiprono, mtu mzima lakini kwangu mtoto. Mvua ilinyesha usiku, nami alfajiri nikamtoa Dima, kama tunavyofanya kwetu kiangazi, ale umande kabla jua halijaunywa.

Kiprono akapiga kelele, "Mzee, ngoja jua! Hayo yakiwa mabichi na maji yake, yanafura tumboni."

"Kwetu umande ni nusu ya kisima," nikamwambia. "Wewe nani alikufundisha ng'ombe?"

"Ng'ombe wa huku walinifundisha. Haya, mzee wa mto, wako ni wako."

Jua lilipotoka Dima alikuwa ameacha kula. Ubavu wa kushoto umepanda juu ya mgongo, umekaza kama ngoma, mate yanamtoka. Kiprono akaja mbio na kisu. Akasema tumtoboe hapa nyuma ya mbavu, upepo utoke. Nikamshika mkono. Nani ametoboa ng'ombe tumboni ili apone? Kisu nakijua, kinakwenda shingoni kwa bismillahi. Tukavutana. Dima akatutazama, akapiga magoti, akaanguka, na ndama wake ndani. Hata kumchinja sikuwahi.

Tulimfukia. Ngozi sikuruhusu ichunwe. Kesho yake Kiprono akamtoboa ng'ombe wa bwana mbele ya macho yangu, upepo ukatoka kwa mlio, akasimama akaanza kula. Sisemi nilikosea. Nasema majani ya huku hayana adabu. Lakini siku hizi nakaa mlangoni kama mvivu, nangoja umande ukauke, na Kiprono hanicheki. Bora angenicheka.

Kengele yake ya mti ninayo. Nitakuletea mwenyewe mvua zikipungua.

Nisalimie shangazi yako, mwambie dawa ya kifua imenifaa. Nisalimie mumeo. Na yule jirani yetu Mpokomo mwenye mtumbwi, mwambie nikifika ng'ambo anivushe tu, asiniulize ndama wako wapi.

Wakikuuliza wewe, mambo ya umande na kisu usiwape. Waambie Dima wa Hawo alikufa ameshiba. Katika ng'ombe zetu zote nilizozika tangu ujana wangu, sijapata kumwona mwingine aliyekufa hivyo.

Ni mimi baba yako,
Galgalo, mchunga ng'ombe