Kumi kwa Baiskeli hadi Makunduchi

Jang'ombe,
5 Agosti 1969

Kwa baba yangu, Mzee Mjaka,

Shikamoo baba. Natumai barua hii itakukuta mzima na kifua kimepungua. Mimi sijambo, na cherehani yangu nayo haijambo, inanilisha.

Baba, nna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia barazani. Tarehe ishirini na nne mwezi huu nnakuja Makunduchi kwa baiskeli. Tuko watu kumi wa hapa Jang'ombe, na kiongozi wetu ni Mkadam, yule seremala. Wenye maduka wa Darajani wameahidi vitanda, magodoro na taa kwa chumba cha wazazi, cha kujifungulia, hapo kijijini, kwa sharti moja: tufike sote kumi kwa nguvu za miguu yetu, asipande mtu gari. Mwanamke ni mimi peke yangu.

Kwa nini nimejitia, unajua. Mwaka jana dada Wanu alishikwa na uchungu, akapakiwa kwenye gari la ng'ombe kupelekwa mjini, akafia Kitogani na mtoto wake tumboni. Chumba kingekuwepo hapo, labda leo tungekuwa naye.

Nnaomba radhi zako.

Mwanao,
Time


Makunduchi,
11 Agosti 1969

Kwa binti yangu Time,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Kifua kipo vile vile.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikidhani macho yananidanganya. Mwanamke apande baiskeli, magoti yakipanda na kushuka mbele ya wanaume, toka mjini mpaka kwetu? Wanaume wa Jang'ombe wamekwisha hata wakakutafuta wewe? Mimi nnaishi na watu hapa. Nnasali nao, nnakunywa kahawa nao.

Wanu ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Usimtie katika michezo yenu.

Sikuruhusu. Ukija kwa gari, karibu nyumbani. Ukija juu ya chuma hicho, usinibishie hodi.

Baba yako,
Mjaka


Jang'ombe,
16 Agosti 1969

Baba, shikamoo, na pole kwa kifua.

Barua nimeipata. Radhi yako niliitaka na bado naitaka, lakini miguu ni yangu. Nnakuja.

Mwanao,
Time


Jang'ombe,
28 Agosti 1969

Kwa baba yangu,

Shikamoo. Hali yako? Mimi mzima, ila goti na mapaja bado hayataki ngazi.

Najua ushasimuliwa. Nataka usimuliwe na mimi.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Nilivaa suruali niliyoishona mwenyewe, gauni juu yake, na kanga kichwani na mabegani. Borafya, mchukuzi wa bandarini Malindi, mwenye mapaja kama magogo, alisema mbele ya wote, "Huyu ndiye atakayetukosesha vitanda." Nikapanda baiskeli yangu. Pumzi nilikuwa naziwekea njia.

Tulipokaribia Tunguu upepo uliivuta kanga ikaingia kwenye mnyororo. Nikarushwa na baiskeli, nikaanguka kwenye mawe. Goti likapasuka. Nyuma yetu kulikuwa na lori la maji na chakula, dereva akashuka kunifungulia mlango. Mkadam, kwa huruma yake, akaniambia, "Bi Time, panda. Vitanda tutavitafuta kwa njia nyengine."

"Njia ipi?" nilimuuliza.

Niliichana ile kanga, kipande nikafunga goti, kipande nikafunga kichwa, nikapanda baiskeli. Si lori.

Bungi vijana walinipigia miluzi. Kwenye msitu wa Jozani mvua ikatunyea, njia ikawa tope. Kitogani nilishuka. Wenzangu walifikiri nimechoka. Nilisimama pembeni ya njia nikamwombea dada, na mmoja mmoja wakashuka wakasimama nami, bila ya kuuliza. Borafya alivua kofia yake akaibana kwapani. Tulipoondoka alinishikia baiskeli nikapanda, na neno la vitanda hakulitaja tena.

Baada ya Muyuni sikuwa nahisi miguu. Nilipiga pedeli kwa hasira tu. Hasira na ng'ombe wale waliomvuta dada pole pole, hasira na njia, na wewe pia, baba.

Tuliingia Makunduchi kabla ya magharibi, kumi kamili, mimi wa mwisho. Wanawake walitoka majumbani wakapiga vigelegele, hata wale ambao sikuwategemea. Mlango wako ulikuwa umefungwa. Ulinikataza, lakini nilibisha hodi. Ndani nikasikia unakohoa. Nikabisha tena, kisha nikaenda kulala kwa shangazi Kidawa.

Watu wasije wakakwambia nililia. Sikulia. Na vitanda vinakuja.

Baada ya Idi tunakwenda Nungwi, kwa ajili ya chumba kama hicho. Nshajiandikisha.

Mwanao,
Time


Makunduchi,
30 Oktoba 1969

Kwa binti yangu Time,

Marahaba. Goti limepona? Kidawa ananiambia bado unachechemea, na cherehani inataka mguu mzima. Mimi kifua kimetulia kidogo.

Nimekaa miezi miwili bila ya kukuandikia kwa sababu sikuwa na la kukwambia. Sasa ninalo.

Vitanda vimefika chumbani. Juzi mke wa Shaame amejifungua hapo, mtoto wa kiume, mama mzima. Usiku ule ule Jecha akasema barazani, watu wote wakimsikia, "Vitanda ni vizuri, Mzee Mjaka, lakini bintiyo kakuvua nguo."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Jecha, wanangu wawili wamepita njia ile. Mmoja kapita amelazwa, analia kwa uchungu, na hapana hata mmoja wetu aliyeona aibu. Mwengine kapita amekaa wima, ndio leo mnaona aibu?" Akataka kucheka. Nikamwambia atakayemcheka Time aanze kunicheka mimi, nimekaa hapa. Hakucheka mtu. Tangu hapo Jecha hanisalimii, na mimi simsalimii.

Usifikiri nimekubali. Baiskeli si kitu cha mwanamke, na nitakufa nikisema hivyo. Hiyo safari ya Nungwi sikuruhusu. Ielewe vizuri: sikuruhusu.

Ukenda, usiwe wa mwisho.

Baba yako,
Mjaka