Maswali ya Josho Niliyoyakata

Dada mpendwa,

Masomo ya hesabu ya shule yako ya Igowole sasa yanahifadhiwa mtandaoni. Amenieleza Mwalimu Mkuu wa sasa, kwa simu, Jumatatu. Anasema mwalimu akiandika somo asubuhi, mwenzake wa Mlandege analifungua kabla ya kengele ya mapumziko, na mtoto aliyelala na homa kule Idodi analisoma kwenye simu ya mama yake. Simu ikitumbukia mtoni, somo halizami nayo.

Nikamuuliza: na mtu akifuta kipande kwa makosa?

"Tunakirudisha, mzee. Kilichoandikwa mwanzo kinabaki."

Nikamwomba arudie.

Unakumbuka utaratibu wetu wa miaka ya sabini. Uliandika masomo kwa mkono, ukayatuma kwa basi, nami huku Mbeya nikayapiga kwa taipu kwenye stensili, karatasi ya nta ya kutolea nakala, baada ya kazi za gazeti, kisha nikakurudishia nakala za darasa la saba. Juma lile somo lilikuwa refu na stensili imebaki moja. Nikafanya kama mhariri alivyotufundisha: habari isipoenea, kata kutoka chini. Karatasi zako nikazitupa, kama tulivyotupa kila rasimu iliyokwisha kupigwa.

Chini ndiko yalikokuwa maswali uliyoyatunga mwenyewe, ya ujazo wa josho la kuogeshea ng'ombe na eneo la shamba la pareto. Vyote ulivipima kwa kamba, mvua ikikunyeshea.

Ulisafiri hadi Mbeya, ukasimama mlangoni mwa ofisi.

"Mdogo wangu, hii ni hesabu, si habari ya nyumba kuungua!"

Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Wewe hukucheka. Mtihani ulikuwa umebakiza majuma mawili. Ulirudi ukatunga maswali mapya ubaoni, watoto wakanakili, na hukunitumia tena somo la kupiga. Barua za salamu zilikuja, fupi. Sikuomba radhi. Nilidhani muda upo.

Tangu tulipokuzika hakuna anayeniita mdogo wangu. Napika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki. Redio naiwasha ili nyumba iwe na sauti.

Mwalimu Mkuu anataka masomo yako yawekwe pamoja na ya wengine, yasomwe popote. Mimi nina nakala moja tu ya somo lile, iliyokatwa kwa mkono wangu. Sitaki jina lako likae juu ya nusu ya kazi.

Nimempata Tuli, uliyemfundisha darasa lile. Anaishi Mlandege, Iringa mjini. Anasema daftari lake la hesabu analo, ila panya wamekula jalada, na hajui kama maswali ya josho aliyanakili kwako kabla hujanitumia.

"Njoo uangalie mwenyewe, baba," alisema. "Mimi miwani yangu imevunjika."

Pumzika, dada. Naondoka Mbeya Alhamisi kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Tuli atanipokea stendi ya Iringa mchana.

Mdogo wako