Aliyemtaja Baba Mdogo

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Nimekuficha jambo moja tangu ukiwa mtoto: aliyemtaja Baba yako Mdogo kwa wapelelezi ni mimi. Fundi redio wa mtaani kwetu hakumtaja mtu.

Nimeliweka juu, kabla hata ya kukujulia hali, kwa sababu najifahamu. Ningeanza na salamu ningeishia na salamu. Sasa nikuulize: hujambo? Kifua kimepona? Mimi miguu imegoma, na daktari siku hizi anazungumza na muuguzi badala yangu, nami nimeelewa.

Tamthilia unayoiandika naitazama kila wiki. Ni nzuri, ila ina tundu. Yule fundi redio wako anawaambia wapelelezi kwamba kijana mwenye vikaratasi vya kuipinga serikali atatoka kwa mlango wa nyuma wa kiwanda cha uchapaji. Amejuaje? Umemtilia kinasa sauti ndani ya redio. Nilicheka peke yangu. Miaka ile Fundi wetu hata betri alikuwa akikopa. Mlango ule, mdogo wangu aliutaja mara moja tu, barazani kwetu, akinyoa ndevu, mimi nimemshikia kioo. Walimkamatia mlangoni pale, na hakurudi tena. Mtaa ukamshuku Fundi kwa kuwa naye alikamatwa siku ileile kisha akaachiwa. Niliona shaka hiyo inanifaa, nikanyamaza.

Juzi televisheni iliharibika, nikamwita yeye. Alipoitengeneza akakaa tukaitazama tamthilia pamoja.

"Mwalimu," akasema, "mbona huyu mtu ana kofia yangu?"

"Kofia ziko nyingi."

"Na kuchechemea je, nako kuko kwingi? Basi wangenilipa angalau nauli."

Akacheka mwenyewe. Alipotoka, watu wa kijiweni wakamwita kwa jina la yule mhusika wako: "Masikio, leo umesikia nini?"

Nakuomba, usimwache afe msaliti.

Baba yako


21 Februari

Shikamoo Baba,

Kifua kimepona, na natumaini wewe umeamka na nafuu. Barua yako niliisoma kazini, nikaikunja, nikaendelea na kikao kama mtu aliyesoma ankara ya maji. Jioni ndipo nikaikunjua tena.

Sitaki kuamini, lakini la kioo na ndevu huwezi kulitunga. Hilo tundu nililijua, Baba. Nililiziba kwa kinasa sauti kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumweka pale.

Sasa nisaidie. Nikimpelekea mwongozaji ukurasa ambao mtu anamtaja ndugu yake wa tumbo moja hivihivi tu, anaurudisha. "Huyu anataka nini? Anaogopa nini?" Nakuuliza hivyohivyo. Walikupiga? Walimtishia Mama? Walinitishia mimi?

Sehemu anayokufa fundi tumeshaipiga picha, na haigusiki. Ya mwisho bado. Nikipata sababu inayosimama, nitamleta mtajaji wa kweli, fundi asafike mbele ya watu wote. Nami nitaweza kuja kukuona. Bila sababu, sijui nitauingia mlango wako kwa uso gani.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwamba kifua kimetulia. Mimi nalishwa supu kwa kijiko, na muuguzi ananisifu nikimaliza.

Ndiyo, walinitishia. Walikuja shuleni na gari jeupe, wakanitoa darasani. Mmoja alikuwa na picha yako, umevaa sare ya shule. Aliiweka mezani, akanigeuzia. Nikamtaja.

Naomba iishie hapo. Muuguzi anasubiri kuzima taa.

Baba yako


16 Machi

Baba yangu kipenzi, shikamoo,

Unalala vizuri? Mwambie muuguzi akugeuze ubavu mara kwa mara, mgongo usichubuke.

Nimelia, halafu moyo ukatua. Miaka yote hiyo umebeba peke yako, na ulibeba kwa ajili yangu. Nimeiandika sehemu ya picha ile kama ulivyosema. Mwongozaji, ambaye hasifii kitu, alisoma akavua miwani. Wiki ijayo tunaipiga, kisha Jumamosi nakuja. Nitakaa mpaka unichoke.

Kuna kitu kimoja kidogo, ni mambo ya kazi tu. Mtu wa mavazi anaulizia ile sare. Nimehesabu nikaona mimi shule nilianza mwaka uliofuata, baada ya Baba Mdogo kuchukuliwa. Bila shaka umesahau. Lilikuwa gauni gani? Lile la maua?

Mwanao, ninayekupenda


24 Machi

Mwanangu,

Nimekusoma, na upendo wako nimeuona. Afya usiiulize tena. Nisamehe mwandiko, nimekataa muuguzi aniandikie.

Fundi amefunga duka. Watu wa mtaani walivunja kioo, wakaandika ukutani jina la mhusika wako. Amekwenda kuishi kwa dada yake. Alipita kuniaga, bisibisi bado iko mfukoni, akaniuliza kama televisheni inanisumbua tena. Nikamwambia haisumbui. Hilo tu ndilo nililoweza kumwambia.

Sare haikuwepo, wala gauni la maua. Picha haikuwepo, wala gari. Nilizitunga kama unavyotunga wewe, nikijua utakachokiamini. Ulinipa kisa, nikakivaa. Nilikuwa nataka uje.

Sababu nimeitafuta humu kitandani kwa uaminifu. Ninayoiona ni hii. Mdogo wangu akiingia, nyumba ilijaa. Mama yako alicheka kicheko ambacho mimi sikuwahi kukileta. Wanafunzi wangu mwenyewe waliniamkia huku wakichungulia nyuma yangu: "Mwalimu, mdogo wako yupo?" Nilichoka kuwa kaka wa mtu. Najua hiyo haimtoshi mtu kumtoa ndugu yake. Mwongozaji wako ataurudisha ukurasa huo, na atakuwa na haki.

Nimeomba barua hii ikuwahi kabla hujapanda basi, ili usije kumkumbatia yule baba wa kwenye picha.

Hakuna aliyeniita. Nilikwenda mwenyewe kituoni kwa wapelelezi baada ya vipindi, vidole vina chaki. Afisa wa zamu alinisikiliza, kisha akaweka kalamu chini bila kuandika kitu. "Mwalimu," akaniambia, "huyo ni ndugu yako. Nenda nyumbani ukafikirie kwanza."

Nilikwenda nyumbani. Nikala na Baba yako Mdogo sahani moja. Asubuhi nikarudi kwa afisa.

Baba yako